Jino la pembe si dawa ya pengo: Ndera yahitaji kuziba ufa kwanza

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Waliitunga methali hiyo katika zama ambapo mtu aliyeng'oka jino hakuwa na la kufanya ila kuzoea pengo lake. Fundi stadi angeweza kumchongea kipande cha pembe ya ndovu kikameta kama jino la kuzaliwa, lakini kipande hicho kisingetafuna muhogo wala kung'ata muwa. Leo hii matangazo ya kliniki za miji yetu mikubwa yanatuambia kwamba methali hiyo imepitwa na wakati. Jino lililopasuka na kuharibika kabisa, yasema matangazo hayo, laweza kuondolewa, na mahali pake pakapandikizwa jino jipya lenye mzizi wa madini, likakaa imara kwa miaka mingi.

Hapana shaka kwamba habari hii ni ya kweli. Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili ni jingine. Je, habari hiyo ina maana gani kwa mkulima, mfugaji, mwalimu au mwanafunzi wa Ndera, kule ukingoni mwa Mto Tana, baina ya Hola na Garsen? Je, ni tumaini, au ni kioo kinachotuonyesha jinsi tulivyo mbali na huduma zilizo rahisi zaidi kuliko hiyo?

Tuanze na sayansi yenyewe, maana anayebishana juu ya jambo asilolielewa hupoteza wakati wake na wa wenzake. Jino limeundwa kwa tabaka. Tabaka la nje, yaani enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, hata mfupa haulifikii. Chini yake kuna dentini, na ndani kabisa mna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Ajabu ni kwamba enameli, pamoja na ugumu wake wote, haina seli hai. Mfupa wa mguu ukivunjika huunga, na ngozi ikikatika hupona, lakini enameli ikishapasuka haijiungi tena. Ufa wa jino hauponi. Aghalabu huongezeka, kidogo kidogo, kila tunapotafuna.

Nyufa nazo hazilingani. Kuna mistari myembamba inayoonekana kwenye meno ya mbele ya watu wazima wengi, na hiyo haina madhara. Kuna kumeguka kwa kona ya gego, ambako mara nyingi huweza kuzibwa au kuvikwa taji bila taabu kubwa. Kuna ufa unaoanzia juu ya jino na kushuka kuelekea mzizini. Huu ndio wenye hila, kwa kuwa mgonjwa huhisi maumivu makali ya ghafla anapotafuna, hasa anapoachia, au anapokunywa kitu baridi, ilhali eksirei mara nyingi haionyeshi chochote. Ufa wa namna hii ukigunduliwa kabla haujapita chini ya ufizi, jino laweza kuokolewa. Huvikwa taji linalolifunga kama pete ya pipa, na ikiwa kiini kimeathirika, hutolewa, mifereji ya mizizi ikasafishwa na kuzibwa. Lakini ufa ukishaligawa jino vipande viwili, au mzizi wenyewe ukipasuka, kwa kawaida hapana budi kung'oa.

Hapo ndipo kipandikizi kinapoingia. Historia yake inastahili kusimuliwa darasani. Mnamo mwaka wa 1952, mtafiti mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kijichombo cha titani. Alipotaka kukitoa chombo hicho, kilikataa. Mfupa ulikuwa umekua na kushikamana nacho kana kwamba ni sehemu yake. Mwingine angekasirika kwa kupoteza chombo chake, lakini yeye aliona mlango. Mwaka wa 1965 aliweka skrubu za titani katika taya la Gösta Larsson, mtu aliyekuwa na kasoro ya taya tangu kuzaliwa na asiyekuwa na meno ya chini. Larsson alitafuna kwa meno hayo hadi alipofariki mwaka wa 2006, yaani zaidi ya miaka 40. Hata hivyo wataalamu wengi wa ulimwengu hawakusadiki mpaka mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka wa 1982. Tangu hapo kazi hii imeenea kote duniani.

Basi wahenga wameshindwa? La hasha. Tuitazame methali kwa makini. Haikusema kwamba pengo halina dawa. Ilisema kwamba kitu cha thamani, hata kiwe pembe ya ndovu, hakiwi dawa kwa sababu tu ya thamani yake. Maana hiyo ingali hai, na Ndera ndipo mahali pa kuidhihirisha.

Hebu tuangalie safari ya kipandikizi. Kwanza jino hung'olewa na kidonda kuachwa kipone. Kisha daktari aliyefunzwa kazi hiyo hutoboa mfupa wa taya na kuweka skrubu. Baadaye husubiriwa miezi mitatu hadi sita ili mfupa ushikamane na titani. Mwishowe hutengenezwa taji la kuwekwa juu. Ikiwa mfupa ulikwisha kupungua, na mfupa wa taya hupungua upesi baada ya jino kung'olewa, hasa katika mwaka wa kwanza, huenda ukahitaji kuongezwa kwanza. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wamo katika hatari kubwa zaidi ya kukipoteza kipandikizi. Kijana ambaye taya lake lingali likikua hawekewi kabisa. Na hata baada ya kazi kukamilika, ufizi unaozunguka kipandikizi waweza kuugua usiposafishwa na kukaguliwa mara kwa mara.

Sasa, mkazi wa Ndera atafunga safari hiyo mara ngapi? Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Malindi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Mto Tana nao una kauli yake. Mafuriko ya mwaka wa 1997 na 1998, ya mwaka wa 2018, na yale ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara na kuwafanya wananchi wengi wa kaunti hii wakimbilie makambini. Nayo gharama ya kipandikizi kimoja katika kliniki za binafsi za humu nchini si ajabu kuzidi shilingi laki moja. Chukua laki moja hiyo uigawe kwa wanafunzi 500 wa shule moja. Kila mmoja atapata shilingi 200, kiasi cha kumnunulia mswaki na dawa ya meno. Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu, lakini ni hesabu ambayo wapangaji wetu wa bajeti husahau kuifanya.

Haya hayasemwi ili kumkataza yeyote mwenye uwezo asijiwekee kipandikizi. Aliye nacho na atumie. Kinachosikitisha ni kwamba katika sehemu nyingi za mashambani mgonjwa huwekwa baina ya ncha mbili: ama jino ling'olewe kwa koleo kwa shilingi mia chache, ama apandikiziwe kwa laki na zaidi. Ile nafasi pana iliyo katikati, ya kuziba, kuvika taji, kutibu mzizi, kutengeneza daraja au meno bandia ya kuvaa na kuvua, haitajwi. Jino lenye ufa ambalo lingeokolewa mwezi Januari linang'olewa mwezi Juni, kwa kuwa tangu mwezi Januari hapakuwa na mtu wa kulitazama. Halafu tunasema kwamba watu wetu hupenda kung'oa meno. Hapana. Watu wetu huchagua kilichopo.

Wapo watakaouliza: katika kaunti iliyokumbwa na mafuriko, ukame, na mapigano ya mwaka wa 2012 na 2013 yaliyoangamiza roho zaidi ya 100, je, meno ni jambo la kuandikiwa gazetini? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la haki.

Jibu la kwanza ni kwamba ugonjwa wa jino si maumivu matupu. Usaha wa gego la chini waweza kushuka shingoni, ukavimbisha koo na kumziba mtu pumzi. Watu hufa kwa jino. Jibu la pili ni la idadi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka wa 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu kati ya kila wanne wao wanaishi katika nchi za kipato cha kati, kama hii yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watoto na asilimia 34 ya watu wazima walikuwa na meno yaliyooza. Na jino lililooza ndilo jino linalopasuka upesi, kama boriti iliyoliwa na mchwa.

Jibu la tatu ni la walimu, hasa walimu wa Kiswahili. Fonetiki yetu haiwezi kufundishwa kwa kinywa chenye mapengo. Tunapotamka *th* ya thamani na *dh* ya dhahabu, ulimi hugusa meno ya mbele. Tunapotamka *f* na *v*, meno ya juu hukutana na mdomo wa chini. Mwanafunzi aliyevunjika meno ya mbele husitasita, huziba kinywa kwa kiganja anapojibu swali, na mwishowe huacha kuunyosha mkono. Mwalimu asiyejua kisa humdhania mvivu. Hasara hiyo haimo katika takwimu yoyote, lakini kila aliyewahi kusimama mbele ya darasa anaijua.

Ni nini basi kinachopasua meno ya watu wetu? Baadhi ya sababu tunaishi nazo nyumbani. Mchele usiochaguliwa vizuri huficha changarawe, na punje moja ya jiwe chini ya gego hutosha. Ndiyo maana kupepeta na kuchagua mchele, kazi ambayo vijana wengi huidharau, ni kinga ya meno. Kuna kufungua chupa za soda kwa meno, mtindo ambao vijana huuona ushujaa. Kuna kuvunja mifupa na kokwa ngumu za makoma. Kuna kusaga meno usingizini. Kuna kuanguka kutoka juu ya miembe, kugongana katika kandanda, na siku hizi, zaidi ya yote hayo, ajali za bodaboda, ambazo abiria na dereva hutangulia kwa uso. Juu ya hayo ongeza sukari: chai iliyokolea, soda, na peremende za dukani, ambazo huozesha jino polepole na kuliacha gamba tupu linalongoja siku ya kuvunjika.

Tiba yake imo ndani ya uwezo wetu, na katika hili Afrika Mashariki haina haja ya kuomba mfano ng'ambo. Katikati ya miaka ya themanini, huko Tanzania, wataalamu walianzisha mbinu ya kutibu meno yaliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake, pasipo umeme wala mashine ya kutoboa. Sehemu iliyooza hukwanguliwa na tundu kuzibwa kwa saruji maalumu ya meno iitwayo glasi-ionoma. Mwaka wa 1994, ambapo Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, WHO iliitangaza mbinu hiyo kwa ulimwengu mzima. Mwaka wa 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, iliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Ni kweli kwamba mbinu hii haitibu ufa uliozama. Lakini huziba tundu kabla halijazaa ufa, nayo yaweza kufanyiwa chini ya mwembe, katika kijiji kisicho na nguzo hata moja ya stima. Mbinu iliyozaliwa kwa jirani yetu ili kuwafaa watu kama sisi haifai kuwa ngeni Ndera.

Wajibu wa serikali nao uko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na tangu mwaka wa 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Tana River, waliotawanyika katika eneo kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Mahali pa namna hii, daktari wa meno anayeketi mjini akingoja wagonjwa hatawaona wale wanaomhitaji zaidi. Yafaa huduma iwafuate watu: gari lenye vifaa, lenye ratiba inayojulikana, linalozuru shule na zahanati za ukingo wa mto kabla ya msimu wa mvua kufunga njia. Ndani yake awemo mtaalamu anayejua kuziba na kuokoa, asiyebeba koleo tu. Na wanaolipa michango ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wana haki ya kuuliza waziwazi ni tiba zipi za meno wanazolipiwa, na ni katika vituo gani zilizo karibu nao. Walimu wenye bima nao wasome masharti yao leo, wasingoje hadi jino liwaamshe usiku wa manane.

Yatupasa pia kuonya juu ya matapeli. Pale penye uhaba wa madaktari hapakosi mwenye mkoba wa koleo na waya sokoni, anayejiita daktari, anayegundisha meno ya plastiki kwenye ufizi na kutoweka. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini lina sajili ya waliohitimu. Si utovu wa adabu kumwuliza mtu jina lake na usajili wake kabla hujampanulia kinywa.

Lakini shule isingojee kaunti, na kaunti isingojee Nairobi. Yako mambo ambayo mwalimu wa Ndera aweza kuyaanza Jumatatu ijayo. Dakika tano baada ya chakula cha mchana zatosha kwa darasa zima kusafisha meno. Asiye na mswaki wa dukani ana mti wa mswaki, unaomea katika nchi yetu kavu ya pwani. Tangu miaka ya themanini WHO imekuwa ikihimiza utumiaji wake pale ambapo umezoeleka, ingawa dawa ya meno yenye floraidi ikipatikana ni bora zaidi kuitumia. Wazee wetu waliokuwa wakitembea na kijiti mdomoni hawakuwa washamba.

Jambo la pili ni huduma ya kwanza, na hili naomba kila mwalimu alibandike ukutani. Mtoto akianguka na jino la kudumu likang'oka zima, litafuteni upesi. Lishikeni upande wa juu, kamwe msiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuzeni kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, kisha lirudisheni mahali pake papo hapo na mtoto aume kitambaa safi. Ikishindikana, litieni ndani ya maziwa na safari ya kwenda kwa daktari ianze mara moja. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Kutoka Ndera saa moja haimfikishi mtu mbali, na kwa sababu hiyo kulirudisha jino pale pale uwanjani kuna maana kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtoto wa Nairobi. Nasi tuna bahati: katika eneo la wafugaji wa Orma na Wardei, maziwa hayako mbali. Jino la utoto, hata hivyo, halirudishwi, kwa kuwa kulilazimisha huweza kuumiza la kudumu lililo chini yake. Na jino likivunjika kipande, kihifadhini kipande hicho, kwani daktari aweza kukigundisha tena.

Jambo la tatu ni kuwafundisha wanafunzi lugha ya maumivu. Mtoto anayesema "jino linaniuma" apate kuulizwa: linauma unapotafuna au hata umepumzika? Kwa baridi au kwa moto? Muda gani? Maswali hayo matatu huweza kumwonyesha mhudumu wa zahanati tofauti ya ufa unaookolewa na usaha unaohatarisha maisha. Somo la sayansi halina mfano ulio karibu zaidi kuliko kinywa cha mwanafunzi mwenyewe.

Titani ya Brånemark imewarudishia watu wengi tabasamu na uwezo wa kutafuna, na huenda siku moja ikafika Hola na Garsen kwa bei ya mkulima. Tuiombee siku hiyo. Lakini jino la kipandikizi, kama lile la pembe, haliwezi kuwa sera ya afya ya watu ambao bado hawajapata mtu wa kuwaziba tundu dogo. Methali nyingine ya wahenga hao hao yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kinywa cha binadamu ukuta huo hujengwa kwa laki moja kila tofali, na kwa wengi wa Ndera haujengwi kamwe. Bajeti ya kaunti hujadiliwa kila mwaka, na sheria huwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Walimu wa Ndera na wanafunzi wao waliofikia umri wa kupiga kura waende vikaoni, na miongoni mwa maswali yao ya maji, barabara na usalama, waulize pia hili: gari la meno litafika lini?